Kaunsela Aliyekuwa Baba Mkwe

Mtoto wangu wa pili alifariki akiwa mchanga, na baada ya mazishi nikawa silali. Nilichuma majani chai kama wengine, nikapika, nikaenda kanisani siku ya Sabato, lakini kila asubuhi nilisikitika kwamba nimeamka. Nesi mmoja wa Ogembo aliponiona hivyo akanipeleka kwa kaunsela wa hospitali. Humo ndani, akaniambia, utasema yote na hakuna litakalotoka.

Nikafungua mlango, nikamkuta mtu wa Kenyenya, nyumbani kwa mume wangu. Ni binamu wa baba mkwe wangu, kwa hiyo naye ni baba mkwe. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni: mkazamwana hampi baba mkwe mkono, wala hataji mbele yake mambo ya kitanda na uzazi. Nami nilikuwa nimekuja kusema hayo hayo. Nikasimama pale nikitazama viatu vyake.

"Kaa chini," akasema. "Hapa mimi si baba yako. Hapa mimi ni kaunsela."

Alipaswa kunipeleka kwa mwingine. Lakini alijiamini, mzee wa kanisa yule, na mimi nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikageuza kiti nikaangalia ukuta. Nikamwambia jinsi maziwa yalivyokuwa yanatoka bila mtoto wa kunyonya, jinsi nilivyomkimbia mume wangu kitandani, na kwamba natamani nilale nisiamke.

Jumapili iliyofuata wakaja wazee wa ukoo pamoja na mama mkwe. Walipomaliza chai, mama mkwe akambeba binti yangu wa kwanza, mtoto pekee niliyebaki naye.

"Huyu atakaa na mimi kwanza," akasema. "Mama anatamani alale asiamke, ataachiwa mtoto namna gani?"

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Wakaondoka naye, nami nikabaki nikikusanya vikombe.

Nilipokutana na kaunsela karibu na kituo cha kupima majani nilimuuliza mbona alinifanyia hivyo. Hakuona haya.

"Kama kaunsela ningenyamaza," akasema. "Lakini kama baba, ningenyamazaje?"

Husemwa mshika mbili moja humponyoka. Uongo mtupu. Yeye hakuponyokwa na chochote, aliyeponyokwa ni mimi. Nilimchukia, na bado namchukia, hata akiniombea.

Ikabidi nijifunze kucheka. Nilicheka sokoni, nikacheka kanisani, nikala ugali nisioutaka ili ninenepe, mpaka wakanirudishia binti yangu. Usingizi haukurudi.

Mwaka huu nikaenda Nyamira, ambako hakuna anayenijua. Kaunsela wa huko alikuwa mwanamke wa rika langu, mpole, na nilimpenda mara moja. Kabla sijakaa nikamuuliza ameolewa wapi. Akatabasamu.

"Kenyenya," akasema. "Na wewe je?"

Nikamwambia mimi sina shida, nimemsindikiza tu mwenzangu. Nilikuwa nimekuja peke yangu.