Siku Niliyoacha Kumwachia Baba Mkwe

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne, kisha jua likatoka kali na matope ya Kanyosha yakaanza kunuka.

Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo sina hakika kama naandika vizuri. Lakini la leo nataka niliweke kama lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Baba mkwe wangu ana duka la vinywaji huko Kanyosha, na ndani yake kuna mashini ya zamani ya mchezo wa kupigana. Mimi ni seremala, sanduku lake la mbao nimelitengeneza mara mbili. Siku hizi watu wana simu zenye picha nzuri kuliko zile, na bado kila Jumamosi wanapanga foleni. Nadhani ni kwa sababu pale unayempiga yuko hapo hapo, bega lake linagusa lako, unamsikia anavyopumua. Labda nakosea.

Miaka tisa nimecheza na mzee, miaka tisa amenishinda. Nilikuwa namwachia. Kwetu mkwe habanani begani na baba mkwe, basi nilicheza nimesimama hatua moja nyuma, mikono nimeinyoosha, na yeye akikaribia kuanguka nalegeza vidole. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na ndivyo nilivyojiambia.

Wiki iliyopita mzee aliniita pembeni.

"Jicho hili limeingia ukungu, na lile linafuata. Kabla sijaacha kuona, mi nataka unipige kweli. Najua we unaniachia."

"Apana, mzee."

"Usinidanganye, mukwe wangu. Jumamosi utakaa."

Wiki nzima nilijizoeza karakanani. Nilipigilia kijiti kama kile cha mashini kwenye ubao, nikawa nakisukuma chini, mbele, ngumi, chini, mbele, ngumi, mpaka kidole gumba kikachubuka. Nilikuwa nimekata shauri kutomhurumia.

Leo nikakuta viti viwili. Nikakaa. Jirani mmoja, fundi mwashi, akasema, "Mukwe amekaa sawa na mzee. Basi dunia imekwisha."

"Muache," mzee akajibu. "Akipigwa amekaa, hatasema miguu ilimuuma."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wangu. Nilimbana kwenye kona na sikumwachia nafasi ya kutoka. Nikaona aibu, nikamtazama.

"Tazama mashini," akasema.

Wa pili ukawa wake. Kila nikiruka alikuwa ananisubiri chini. Wa tatu, nguvu zangu zilikuwa bado nusu, zake zimebaki kama ukucha. Hapo ndipo siku zote nilipolegeza vidole. Leo sikulegeza. Nikaruka kwa nia yote, akanipokea kwa ngumi. Nikaruka tena, akanipokea tena. Mara ya tatu nikabaki chini.

"Uliniachia?"

"Apana, mzee."

"Apa."

Nikaapa. Akacheka mpaka akafuta lile jicho bovu. "Kumbe mi ni fundi," akawaambia watu, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi siku nyingi.

Kwa haki niseme hivi: jua lilikuwa linapiga kioo upande wake, si wangu. Vidole vyangu ni vichanga kuliko vyake. Sina la kusingizia. Nimejaribu kukumbuka mechi nilizomwachia kweli, na nikiwa mkweli hazizidi mbili. Zilizobaki nilikuwa napigwa tu.

Nilimwambia mke wangu hivyo nilivyorudi nyumbani Gihosha. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa.

"Mi nilikuwa najiuliza we unaachia nini," akasema.

Nimemwambia nitaendelea kukaa kwenye kile kiti maadamu mzee anaona, na kwamba sitaruka ovyo tena. Hilo la pili ndilo gumu.

Jioni tulikula bugali wa muhogo na dagaa, na mboga za lengalenga kidogo.