Lori Bado, Mama

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyotoka Nyamugari, hapa Gitega, bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Maswali ndiyo sikuyaacha. Alasiri nikajikuta Gashoho, kule Muyinga, naomba pa kulala kwa Eliza, mkulima aliyekulia Tanzania na kurudi na mama yake mjane.

Mama huyo alikuwa uani, amekalia kifurushi cha nguo.

"Lori limefika?" akaniuliza. Alidhani bado yuko kambi ya wakimbizi kule Tanzania, anangoja kurudishwa Burundi.

Nikajitia ujuaji. "Bibi, lori ilikuja zamani. We uko kwenu."

"Na mume wangu yuko wapi?"

"Alishafariki, bibi."

Akalia kama mtu aliyepata habari siku ileile. Na kwake ilikuwa siku ileile.

Eliza hakunifukuza. "Umemzika baba upya," alisema. "Hata mimi nilimzika mara nyingi kabla sijajifunza." Akaweka ungo wa maharage mapajani mwa mama yake. "Lori bado, mama. Tuchambue ya njiani."

Vidole vikaanza kazi. Taratibu, kilio kikatulia.

Nikauliza kama hakuna dawa.

"Una maswali mengi kuliko muuguzi," Eliza akacheka. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amempima malaria na presha, akamkagua masikio pia, maana mambo kama hayo huzidisha kuchanganyikiwa, nayo yanatibika. Dawa ya kurudisha kumbukumbu haipo. Zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya watu, kwa muda. Mengine ni ya nyumbani: kula na kulala kwa saa zilezile, kazi ya mikono, na jirani wa kupokezana naye, ili Eliza apate kupumzika.

Bibi akainua uso, akaniona upya. "Kijana, na wewe unangoja lori?"

Nikamtazama Eliza, kisha nikajibu, "Ndiyo, bibi. Nangoja."

"Basi lala hapa."

Akakifungua kile kifurushi, ambacho Eliza alisema hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akanitolea shuka.

Mwanangu, mzee wako akianza kupotea, usiseme amerogwa, mpeleke apimwe. Usishindane naye kuhusu mwaka au mahali. Sikiliza anachokitafuta, ukae naye hapo alipo. Na anayemtunza, mpokee zamu kabla hajakuomba.

Mola akujalie uzee wenye mtu wa kukaa nawe, mpaka lori lako lifike.