Kimya cha Nyuma ya Pazia

Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi barazani. Lakini fizikia iliyonigombanisha na kaka yangu naielewa barabara, maana binti yake alinifundisha nikichambua mchele.

Yeye yuko chuo kikuu. Kazi yake maabarani ni kumulika atomu kwa leza.

"Shangazi, atomu ina maringo. Imulike kwa taa kali utakavyo, kama rangi ya mwanga si ile yake hasa, mwanga wapita tu, yenyewe haina habari. Ukiipata rangi yake sawasawa, hata mwanga hafifu itaunyonya ipande juu. Endelea kuimulika, itashuka, itapanda tena, kama pembea ya Idi ukiisukuma kwa wakati wake."

"Basi na mimi atomu," nikamwambia. "Tangu shule naingojea rangi yangu." Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Kesho yake wakaja watu wa bwana mmoja kumposa. Ukumbini wakataja dhahabu, nyumba Ganjoni, gari. Kisha, kama jambo dogo, mama wa bwana akasema hayo ya leza yataisha, mke akae kwake. Binti alikuwa nyuma ya pazia.

"Umesikia, mwanangu?" kaka akauliza.

Kimya. Akauliza tena kwa sauti. Kimya. Akawageukia wageni anatabasamu: "Amenyamaza. Karidhika." Kwetu, kimya cha mwari huhesabiwa ndiyo.

Damu ikanichemka. Ndiyo gani hiyo! Wamemmwagia taa zote za mji, hata moja si rangi yake, zimempita hivi hivi, nao wanapongezana!

"Hajaridhika," nikasema. "Hajaulizwa."

"Dada, hebu tuletee kahawa."

"Kahawa jipikie."

Nikainuka, magoti yakilia, nikaingia nyuma ya pazia. Sikumtajia dhahabu wala gari. Nilimwuliza moja tu: "Maabara utaiacha?"

"Siachi, Shangazi! Siachi!" Ilisikika mpaka kichochoroni.

Wageni wakaondoka na sinia lao la halua, nami nilishaitia nia halua ile. Binti amerudi chuoni kwa leza zake. Kaka hanisemeshi mpaka leo. Akipita barazani autazama ukuta. Na autazame. Adhani mimi nimepoa?