Bolti ya Springi ya Nyuma

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akawa anaagiza gari lililotumika, na mimi nikapata pikapu yangu. Nilichukua kabichi na karoti kwa akina mama wa milimani Uluguru, nikazishusha sokoni Morogoro mjini. Kisha malori ya Dar yakaanza kupanda barabara ile ile. Akina mama wakanipa neno moja: ukikosa siku ya mzigo, tunampa mwenye lori, na usije kutulaumu.

Siku moja kabla ya siku ya mzigo, mchana, pikapu ilikuwa juu ya jeki kule Msamvu, yanakopita mabasi ya bara. Springi ya nyuma ilikuwa imevunjika. Mpya ilikuwepo, kilichokataa ni bolti inayoishikilia. Fundi alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru, kwa hiyo kutukanana kulikuwa bure.

"Nyie mnamwagilia mboga mpaka barabarani," alisema. "Maji yote yanachuruzikia humu. Tazama kutu hii."

Kweli, kila niliposimama njiani nilizirushia mboga maji ili zifike mbichi. Sikumpa raha ya kukubali.

"Nyie wapagazi mlizoea kubeba mizigo kichwani. Gari umejifunzia wapi?"

Spana iliteleza, ikateleza tena, mpaka nati ikaisha kona zote ikawa mviringo. Akaipasua kwa tindo. Nikashangilia mapema, maana bolti yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya bushi, bomba lake la chuma na mpira. Kila alipoigonga, ncha ilipondeka tu, haisogei.

Akajifuta mikono. "Mtani, hii ni ya kesho."

Kesho! Nilikasirika hadi machozi yakanilenga. Nilichukua baiskeli yake, nikaifunga kwa mnyororo kwenye bampa la pikapu, ufunguo nikautia kifuani. Mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kununa, unakikomboa. Mafundi wa jirani waliacha kazi zao wakaja kucheka.

"Bolti ikitoka, baiskeli utaipata," nikamwambia.

"Mluguru huyu ataniua," alisema, huku anajivuta tena chini ya gari.

Aliazima gesi kwa mchomeleaji wa pembeni, akaichoma bolti mpaka ikawa nyekundu. Mpira wa bushi ulinuka tukakohoa wote. Mimi nikashikilia kipande cha nondo kwenye ncha ya bolti, yeye akashika nyundo kubwa.

"Ukitikisika nakuvunja mkono."

Sikutikisika. Alipiga, akapiga tena, na ghafla nikasikia kiganjani kitu kimelegea. Bolti ikatoka kidogo, ikatoka nusu, ikaanguka mchangani bado inafuka moshi. Nilipiga kigelegele mpaka abiria wa mabasi ya bara wakageuka kutazama. Kabla ya magharibi springi mpya ilikuwa mahali pake, na bolti mpya imepakwa grisi.

Asubuhi nilipanda mlima. Mwenye lori alishafika, lori lake limeziba njia, naye anawabembeleza akina mama. Kabichi zilikuwa bado chini, zimefunikwa khanga. Mama mmoja aliponiona alinyanyuka, akaanza kufunua.

"Si tulikwambia zina mwenyewe?" akamwambia yule bwana.

Nilishusha kioo nikamwomba asogeze lori lake, nataka kugeuza nipakie. Alichungulia ndani ya pikapu, kiti cha pili kitupu, akaniita dada, akaniuliza mwenye gari yuko wapi.

Nikamwambia anaongea naye.