Tofali la Tatu Chini ya Kitanda

Nilipomaliza chuo nilihamia kwa dada yangu, Kongowe ya Kibaha, nikisubiri kazi. Kusubiri kunamfaa mtu mwenye kichwa kilichotulia. Mimi pikipiki ikisimama nje nawaza imeleta habari ya msiba. Nikikohoa mara mbili, najiuliza nani atakuja kunizika. Dada aliponichoka aliniambia nikajiunge na watu wanaojitolea kuzibua mtaro wa mtaa. "Angalau ukahangaike na kitu kinachoonekana," alisema.

Mtaro wenyewe unaanzia juu, karibu na maduka ya barabara kuu, unapita mbele ya nyumba zetu na kuishia chini kwenye kalavati, linalopitisha maji chini ya barabara ya vumbi. Tulikuwa watu wachache, na kiongozi wetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kila Jumamosi tulishuka na mabeleshi, tukatoa tope, chupa, pampasi, magodoro yaliyooza. Tope lilikuwa limeshindiliwa kiasi kwamba mihogo ya mtu ilishaota mle ndani.

Nyumba ya mwisho, pembeni mwa kalavati, ni ya mama anayeuza vitumbua. Mume wake alipata kiharusi, hainuki. Tulipomaliza kazi mama alitupatia chai, nami siku ya kwanza niliingia kumsalimia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai.

Kitanda chake kilikuwa juu isivyo kawaida. Kila mguu ulisimama juu ya matofali mawili ya saruji. Nikadhani ni kwa ajili ya kufagia uvunguni. Mama akaona ninavyoangalia.

"Mvua za mwaka juzi lilikuwa moja," alisema. "Mwaka jana maji yakapanda, nikaongeza."

Alisema kama mtu anayezungumzia chumvi ya mboga. Mimi nikatazama matofali, nikatazama bati, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mtu wa kawaida angeona kitanda. Mimi niliona ngazi ambayo mzee anapandishwa, na juu yake hakuna pa kwenda.

Kwa hiyo nilichimba kuliko wote. Fundi alinitania, "Msomi, punguza! Unatafuta cheti chako humo?" Kabla masika hayajaanza tulifika chini kabisa. Sakafu ya zege ilionekana, ukimwaga ndoo kule juu unayaona maji yakiingia kwenye kalavati. Watu walikuja kutazama, wakatushika mikono, wakatuombea dua. Kwa siku chache nilijiona mtu.

Kisha nikaanza kuona viroba.

Kila nyumba ilikuwa na kimoja au viwili, vimefungwa mdomo, vimeegemezwa nyuma ya geti. Nyuma ya jiko letu pia kilikuwepo, kinavimba siku hadi siku. Nilimuuliza dada kwa nini siku hizi hachomi taka.

"Moshi unawaudhi majirani. Tunasubiri mvua."

Nikaelewa mara moja, kwa sababu sisi ni watu wa Kisarawe. Nyumbani, juu mlimani, mama yetu alifanya vivyo hivyo: mawingu yakikusanyika unatoa taka zako, mvua inabeba, jua likitoka pako safi. Hakuna aliyewahi kupanda mlima kuturudishia. Sasa naishi kule ambako vitu hushukia. Mtaro ulipokuwa umeziba, watu walichoma taka kwa kukosa jinsi. Sisi tumewafungulia njia.

Nilimwambia fundi. Akacheka. "Wewe hata jua likiwaka unaogopa litazimika." Lakini alikubali tupite nyumba kwa nyumba. Wote walitupokea vizuri. "Tumekuelewa, mwanangu. Hatutatupa, inshallah." Hakuna hata mmoja aliyebisha, na hilo ndilo lililonitisha.

Mvua ilikuja mchana, kutoka upande wa Kisarawe. Kuku waliingia bandani wenyewe. Mwanga ukawa wa njano, na kabla ya radi nilisikia mageti yakifunguliwa. Moja huko juu. Jingine. Kisha mengi pamoja.

Dada alitoka jikoni amebeba kiroba kiunoni kama mtoto.

"Dada, usitupe."

"Kiroba kimoja kitaziba nini? Si mmeuzibua wenyewe?"

"Kule chini kuna mgonjwa."

"Na huku kuna funza. Nipishe, naloa."

Kikaenda. Kilikwenda upesi na vizuri, kama kilichoitwa. Nilikimbia kando yake, na vingine vikanipita.

Fundi alishafika kwenye kalavati, maji kiunoni, anavuta viroba kwa ndoano ya nondo. "Msomi! Leo ndiyo mahafali yako, ingia!" Tulivuta. Kila tulichotoa, viwili vilichukua nafasi yake. Maji yakapanda ukingo, yakaingia uani kwa mama wa vitumbua, yakavuka kizingiti. Mama akaniita kutoka mlangoni, bila kupiga kelele.

"Mwanangu, njoo unishikie kona ya kitanda."

Fundi akanipungia mkono niende. Yeye akiondoka, kalavati linaziba kabisa. Ndani maji yalifika kwenye ugoko.

"Mama, tumtoe. Tumpeleke kwa dada."

"Kwa mlango upi?"

Nikageuka. Mlango ulikuwa mmoja, na nje yake maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu ya kumwangusha mtu mzima, achilia mbali watu wawili waliobeba wa tatu.

Matofali yalikuwa tayari nyuma ya mlango, mapya, manne tu, moja kwa kila mguu. Nilimuuliza ameyaweka lini.

"Ile wiki mliyomaliza. Nilipoona mtaro umekuwa safi vile, nikajua mwaka huu watu watautumia."

Na chai alitupatia, na vitumbua, na shukrani. Niliweka bega chini ya kona ya kitanda, nikainua, yeye akasukuma tofali. Kona ya pili. Ya tatu. Mzee aliteleza kidogo, akajishika kwa mkono wake mzima. Tulipomaliza kona ya nne alinyoosha mkono huo juu, ukagusa bati. Akauacha pale, kiganja kimelala, kama anayepima homa.

Mvua ikapungua. Maji yalisimama chini kidogo ya tofali la juu. Nilimsikia fundi nje akihema na kumshukuru Mungu, nami nikaanza kumshukuru.

Kisha huko juu mageti yakaanza tena. Waliokuwa wanaogopa kuloa walikuwa wanatoka sasa na viroba vyao, kabla maji hayajaisha mtaroni.

Mama alisikiliza. Akageuka kutazama nyuma ya mlango, ambako hapakuwa na kitu.