Mchicha Nyuma ya Nyumba za Watumishi

Hapa Kibondo, mtumishi aliyetoka mkoa mwingine anajulikana kwa bustani yake. Anayepanda mchicha tu, mguu mmoja uko nje: atauchuma mwezi huu, na uhamisho ukija haachi kitu cha kumuuma. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na nina tabia ya kupita nyuma ya nyumba za watumishi kama mpelelezi, nikichungulia matuta ya wateknolojia wangu wa dawa. Mchicha, mchicha, mchicha. Unamfundisha mtu, anaiva, anakuaga.

Aliyeninyima raha kuliko wote ni dada mmoja wa Tanga. Alikuja hajui neno la Kiha. Sasa wazee wakimsalimu "Mwakeye" pale dirisha la dawa, anaitikia huku akipiga makofi taratibu kama mwenyeji. Hamwachii mgonjwa dawa mpaka mgonjwa mwenyewe amweleze atakavyoimeza. Foleni ilichelewa, nami na haraka zangu nilikuwa nikimnunia. Lakini watu wake walipona, na walimtafuta yeye. Akiwa likizo, nilikuwa nagombana hata na milango ya kabati.

Naye alipanda mchicha. Mumewe alikuwa mwalimu wa hisabati Makere, upande wa Kasulu, na kila mwisho wa juma mmoja wao alikuwa barabarani. Mwishowe akaomba uhamisho amfuate. Nilikwenda kwa mganga mfawidhi kulalamika kwamba hata tukiletewa wapya wawili, pengo litabaki. Akanijibu kwamba mume haagizwi kutoka bohari ya dawa. Nilitoka nimefura, kwa sababu alisema kweli.

Jibu lake halikunitoka kichwani. Niliposikia kwamba shule moja ya Busunzu, hapa hapa wilayani kwetu, haina mwalimu wa hisabati, nikampigia simu yule mume bila kumwambia mkewe. Nilimweleza kwamba wa kuhama anaweza kuwa yeye. Akasema nduguze watamcheka kwa kumfuata mke. Kisha akasema atafikiri. Baada ya hapo sikusikia neno.

Jumamosi moja, mvua imekatika, nikapita nyuma ya nyumba zile. Matuta ya mchicha yalikuwa yameng'olewa yote. Yeye alikuwa amesimama katikati, matope hadi magotini. Moyo ulinilipuka. Nikaropoka kwamba angalau angeniaga, kwamba mimi si mbao za ukuta, na mengine nisiyotaka kuyakumbuka.

Akainama kuficha uso. Mumewe akatokea pembeni mwa nyumba akisukuma baiskeli, nyuma amefunga machipukizi ya migomba.

"Shemeji," akasema, "kibali kimetoka. Jumatatu naripoti Busunzu."

Mkewe alikuwa akibana kicheko. Alitaka kuniambia Jumatatu hiyo, dirishani, mbele ya foleni yote. Akanikabidhi jembe.

"Dada, punguza sauti, chimba. Mgomba wa kwanza ni wako. Mkungu ukikomaa, utakuja kuukata mwenyewe."

Nilichimba nikilia na kucheka kwa pamoja, viatu vya kazini vikiharibika. Mgomba hata uubembeleze vipi, mwaka huu haukupi kitu. Mimi, mtu wa haraka, sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nisubiri.