Siku Tuliyokula Samaki Wote

Juzi nilikuta soko la Kasongo limefungwa kwa sababu ya kipindupindu, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto soko lilipofungwa hivyohivyo. Mama alikuwa akiuza samaki wabichi kutoka Nyangwe. Alasiri ile aliwapika wote waliobaki, na harufu ya mawese ikajaa uani.

"Mama, leo iko Idi?" nilimuuliza.

"Hapana, mwanangu. Kula tu, wataoza."

Nilikula kwa furaha, nikishangaa kwa nini yeye hali. Sikujua kwamba tulikuwa tunakula biashara yake.

Mtaani kwetu hakuna aliyeugua, lakini mama hakuuza samaki tena. Tulihamia Lusangi, akalima mashamba ya watu mpaka uzeeni. Waliofunga soko niwashukuru au niwalaumu? Mpaka leo sijui.